Yatima wa Guantánamo Aliyepanda na Sukari Angani

Ukimuuliza mtu ni nani mweusi wa kwanza kufika angani, mara nyingi utapata jibu moja kati ya mawili. Ama atakuna kichwa na kunyamaza, ama, kama amesoma vitabu vingi vya Kimarekani, atakutajia Guion Bluford, aliyeruka na chombo cha Challenger tarehe 30 Agosti 1983. Jibu hilo la pili lina heshima yake. Bluford alikuwa rubani hodari na Mmarekani mweusi wa kwanza kufika huko. Ila kama swali ni mweusi wa kwanza, bila kuongeza neno Mmarekani, basi jibu hilo limechelewa karibu miaka mitatu.

Tarehe 18 Septemba 1980, roketi ya Kisovieti iliondoka Baikonur, Kazakhstan, ikiwa imebeba chombo kiitwacho Soyuz 38. Ndani yake walikaa watu wawili. Kamanda alikuwa Yuri Romanenko, Mrusi aliyekwisha kukaa angani siku 96 katika safari yake ya kwanza. Pembeni yake alikaa Luteni Kanali Arnaldo Tamayo Méndez, rubani wa ndege za kivita wa Cuba, umri miaka 38. Siku hiyo Tamayo akawa Mcuba wa kwanza, mtu wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini na Karibi, na mtu wa kwanza mwenye asili ya Afrika kuizunguka dunia kutoka juu.

Kwa nini basi jina lake halimo vinywani mwetu? Jibu la haraka ni siasa: aliruka upande ulioshindwa Vita Baridi, na historia huandikwa na mshindi. Ni kweli, lakini halitoshi. Nikiyatazama maisha ya Tamayo naona kuna kitu kingine kinachopita katikati yake kama uzi kwenye shanga, nacho ni sukari. Ukiifuata sukari utamwelewa yeye, utaielewa nchi yake, na utaelewa kwa nini safari yake inatuhusu hata sisi tulio upande huu wa bahari.

Mji wenye jina baya

Leo ukitaja Guantánamo, watu wanafikiria gereza. Lakini Guantánamo ni mji wa watu, mashariki kabisa mwa kisiwa cha Cuba, na ile kambi ya jeshi la Marekani ipo kwenye ghuba iliyo kusini yake. Wamarekani walipangishwa eneo hilo mwaka 1903 na hawajaondoka hadi leo. Tamayo alizaliwa katika mji huo tarehe 29 Januari 1942, kwa hiyo amekua akijua kwamba jeshi la taifa jingine limepiga kambi jirani.

Upande ule wa kisiwa ndio wenye weusi wengi, na chanzo chake ni miwa. Katika kipindi chote cha biashara ya utumwa, Waafrika takriban laki nane walipelekwa Cuba, wengi wao katika karne ya 19, wakati mashamba ya miwa yalipokuwa yakipanuka kwa kasi. Wengi walitoka Afrika Magharibi na eneo la mto Kongo. Lakini katika majina ambayo Wacuba waliwapa watumwa kwa asili zao limo pia jina la Wamakua, watu wa Msumbiji, ambao ndugu zao tunao Mtwara na Lindi. Bahari ya Hindi nayo ilitoa watu wake kwa ajili ya kijiko cha sukari katika chai ya mtu wa Madrid au New York.

Utumwa ulifutwa Cuba mwaka 1886, yaani miaka 56 tu kabla Tamayo hajazaliwa. Mzee wa miaka themanini aliyekaa kibarazani Guantánamo siku mtoto huyu anazaliwa angeweza kuwa alizaliwa utumwani mwenyewe.

Na uhuru ule haukuleta heshima iliyotarajiwa. Mwaka 1912 wafuasi wa chama cha siasa cha weusi wa Cuba, wengi wao wakiwa wapiganaji wa zamani wa vita vya uhuru, waliinuka kupinga sheria iliyokipiga marufuku chama chao. Jeshi la Cuba likawashukia. Maelfu ya weusi waliuawa, wengi wao katika jimbo hilohilo la mashariki, na Wamarekani wakashusha wanajeshi wao Guantánamo kulinda mali zao, yaani mashamba na viwanda vya sukari. Hayo yalitokea miaka 30 kabla ya Tamayo. Watu waliomlea waliyajua, hata kama hawakuyasema kwa sauti.

Mtoto wa kiwi na mboga

Mama yake alifariki akiwa bado mchanga, akalelewa na ndugu. Alipofika miaka 13 alikuwa ameshaanza kujitafutia riziki. Alipiga kiwi viatu vya watu mtaani, aliuza mboga, kisha akawa mwanagenzi wa fundi seremala.

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana sisi wapenzi wa hadithi tunaujua mkondo huu. Yatima anayeteseka, anayeoza mikono kwa kazi za watu, halafu siku moja anaishia ikulu. Bibi zetu walitusimulia hadithi hizo kwa namna mia. Na kwa kweli, baada ya mwaka 1980 maisha ya Tamayo yalisimuliwa hivyohivyo: kijana mpiga kiwi aliyeinuliwa na mapinduzi hadi kwenye nyota. Ni hadithi tamu, na mambo yake makuu ni ya kweli. Shida ya hadithi za namna hii ni kwamba zimenyooka mno. Zinaruka mabonde yote, kutoka kwenye sanduku la kiwi moja kwa moja hadi kwenye roketi, kana kwamba katikati hakukuwa na darasa, hofu wala bahati.

Katikati kulikuwa na mengi. Mapinduzi ya Fidel Castro yaliposhinda Januari 1959, Tamayo alikuwa anatimiza miaka 17. Alijiunga na umoja wa vijana wa mapinduzi, akaenda na vijana wenzake kufanya kazi katika milima ya Sierra Maestra, kisha akaingia chuo cha ufundi cha jeshi. Kule alifundishwa ufundi wa ndege, yaani kuzitengeneza akiwa chini. Yeye akataka kuziendesha. Mwaka 1961 akapelekwa Umoja wa Kisovieti, kwenye shule ya marubani ya Yeysk kando ya Bahari ya Azov, akajifunza kurusha MiG-15.

Hebu fikiria safari hiyo. Kijana wa nchi ya joto, asiyejua Kirusi, anawekwa kwenye darasa la hesabu na mifumo ya injini kwa lugha ya watu, katikati ya baridi ambayo mwili wake haujawahi kuijua. Na baada ya mwaka mmoja tu anatakiwa awe amekaa peke yake ndani ya ndege ya kivita ya injini moja. Wengi wetu tuliosoma ughaibuni tunajua kwamba mwaka mmoja ni muda wa kuzoea chakula tu.

Alirudi nyumbani mwaka 1962, na nyumbani hakukuwa shwari. Oktoba mwaka huo Marekani iligundua makombora ya nyuklia ya Kisovieti yaliyofichwa Cuba, na kwa siku kumi na tatu dunia nzima ikashika roho mkononi. Ndege za upelelezi za Marekani zilikuwa zikikatiza anga la kisiwa kila siku. Tarehe 27 ndege moja ya U-2 ilitunguliwa mashariki mwa Cuba na rubani wake akafa. Katika mgogoro huo Tamayo, akiwa na miaka 20, aliruka safari 20 za upelelezi. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza kazini.

Sukari yanunua urafiki

Turudi kwenye sukari, maana ndiyo iliyomlipia nauli.

Kabla ya mapinduzi, mnunuzi mkubwa wa sukari ya Cuba alikuwa Marekani. Uhusiano ulipoharibika, Julai 1960 Rais Eisenhower akakata kiasi cha sukari ambacho Cuba iliruhusiwa kuuza Marekani. Kwa nchi iliyotegemea zao moja, huko kulikuwa kukabwa koo. Wasovieti wakasema, tuleteeni sisi. Tangu hapo Moscow ikawa inanunua sukari ya Cuba, na kwa miaka mingi kwa bei ya juu kuliko ya soko la dunia, huku ikiwapa mafuta, mashine, silaha na nafasi za masomo. Kila kijana wa Cuba aliyepanda meli au ndege kwenda kusoma Urusi alikuwa, kwa hesabu fulani, amesafiri kwa nguvu ya miwa.

Cuba ikazama kwenye miwa zaidi ya awali. Castro alitangaza kwamba mavuno ya mwaka 1970 lazima yafike tani milioni kumi. Ofisi zilifungwa, wanafunzi na wanajeshi wakapewa mapanga, nchi nzima ikaingia shambani. Zikapatikana tani milioni nane na nusu hivi. Zilikuwa nyingi kuliko mwaka wowote uliotangulia, na bado Castro alilazimika kusimama mbele ya watu wake akiri kushindwa, maana uchumi mwingine wote ulikuwa umetelekezwa ili kuzipata.

Na weusi wa Cuba je? Serikali mpya ilifuta ubaguzi wa kisheria, ikafungua shule, fukwe na kazi zilizokuwa za weupe pekee. Hilo lilibadilisha maisha ya watu kama Tamayo, na anayelikataa hajui Cuba ya zamani ilikuwaje. Lakini haukupita muda serikali ikatangaza kwamba tatizo la rangi limekwisha, na ukishatangaza kwamba tatizo limekwisha, mtu anayelitaja anaonekana ndiye mchokozi. Maneno yakafungiwa kabatini.

Nje ya nchi, hata hivyo, weusi wa Cuba walitakiwa waonekane. Wasomaji wa Kiswahili wanaijua sehemu hii. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo, na zaidi ya Wacuba mia moja waliomfuata, wengi wao weusi kwa makusudi, walipewa majina ya Kiswahili, kuanzia na namba zetu. Che mwenyewe aliitwa Tatu. Miaka kumi baadaye Cuba ikapeleka maelfu ya wanajeshi Angola, na Castro akaanza kuieleza Cuba kama taifa la Kilatini na la Kiafrika kwa pamoja. Uso mweusi ulikuwa ujumbe.

Tamayo naye alitumika nje. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alipelekwa Vietnam pamoja na Wacuba wengine, upande wa Hanoi. Upande wa pili wa vita hivyohivyo alikuwepo kijana mwingine mweusi, naye rubani, aliyeruka safari 144 za mapigano kwa ndege ya F-4 ya Marekani. Jina lake Guion Bluford. Wanaume wawili, wajukuu wa utumwa mmoja, walikuwa kila mmoja upande wake wa vita vya watu wengine. Wote wawili baadaye wangeiona dunia kutoka angani, na wote wawili wangeitwa wa kwanza.

Mgeni kwenye kituo

Katika miaka ya 1970 Wasovieti walianzisha mpango wa kuwapeleka angani marubani wa nchi rafiki. Uliitwa Interkosmos. Wa kwanza alikuwa Vladimír Remek wa Czechoslovakia, Machi 1978. Mwezi huohuo Tamayo alichaguliwa pamoja na mwenzake José Armando López Falcón, wakaingia mafunzoni karibu na Moscow. Mwishowe Tamayo akateuliwa kuruka na López Falcón akabaki mbadala wake.

Je, alichaguliwa kwa sababu ya rangi yake? Sidhani kuna mtu mzima anayeamini kwamba rangi haikufikiriwa kabisa. Miezi miwili kabla yake, Julai 1980, aliruka Phạm Tuân wa Vietnam, naye rubani wa kivita, akawa Mwasia wa kwanza angani. Wasovieti walijua wanachokifanya: Mwasia, kisha mtu mwenye asili ya Afrika, kabla Marekani hawajampeleka yeyote kati yao. Lakini tusidanganyane. Hata Gagarin, mtoto wa mkulima wa pamoja na mwenye tabasamu la kupendeza, alifaa pia kwa mabango. Siasa inaweza kukufungulia mlango, lakini haiwezi kukaa kwenye mashine ya kuzungushwa kwa niaba yako, wala kukujibia mitihani ya Kirusi. Tamayo alikuwa rubani kwa miaka 18. Aliingia mlangoni akiwa na sifa zake.

Kulikuwa na utani uliozagaa kuhusu wageni hawa wa Interkosmos. Ilisemwa kwamba mgeni mmoja alirudi duniani mikono ikiwa mekundu, na madaktari walipouliza, akajibu kwamba kila alipogusa kitufe Warusi walimpiga kofi la mkono. Utani huo una ukweli wake, maana chombo kiliendeshwa na kamanda Mrusi. Lakini mgeni alikuja na kazi ya nchi yake, na hapo ndipo Cuba ilipoleta kitu ambacho hakuna mwingine angekifikiria.

Soyuz 38 iliungana na kituo cha Salyut 6 siku moja baada ya kuondoka, ikikikaribia gizani, huku waliomo kituoni wakizitazama taa zake zikisogea. Walikuwa ni Leonid Popov na Valery Ryumin, waliokuwa huko tangu Aprili. Bila shaka baada ya miezi mitano ya kuangaliana wao kwa wao, mgeni yeyote alikuwa baraka.

Kati ya majaribio ya wanasayansi wa Cuba, moja lilikuwa la fuwele za sukari, yaani zile chembe zenye kona ndogondogo unazoziona ukikisogeza kijiko karibu na jicho. Ukiacha maji yaliyokolezwa sukari yapoe, chembe hizo hujijenga zenyewe. Huku chini ujenzi huo una vurugu. Sehemu yenye joto hupanda, yenye baridi hushuka, kilicho kizito huzama, na mtiririko huo huzitikisa chembe zinapokua. Mahali ambapo vitu havina uzito, hakuna kupanda wala kuzama. Fuwele hukua kwa utulivu, na mtu anaweza kuchunguza sukari inajijengaje hasa inapoachwa peke yake. Kwa nchi iliyoishi kwa kutengeneza sukari, swali hilo lilikuwa na maana ya kiwandani kabisa.

Sijui kama waliopanga jaribio hilo waliwaza habari ya babu zao. Pengine waliwaza viwanda tu. Lakini ukilitazama kutoka mbali huwezi kuacha kuona. Waafrika laki nane walivushwa bahari wakiwa wamefungwa minyororo kwa sababu ya sukari. Mwaka 1912 wajukuu wao waliuawa huku sukari ikilindwa. Mwaka 1970 taifa zima lilijichosha kwa sababu ya sukari. Na mwaka 1980 mtoto wa watu haohao alielea kilometa mamia kadhaa juu ya mawingu, sukari ikiwa mikononi mwake, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa akiichunguza.

Jaribio jingine lilihusu miguu. Karibu nusu ya wanaokwenda angani huugua siku za mwanzo: kichwa kizito, kichefuchefu, mwili usiojua juu ni wapi na chini ni wapi. Watafiti walitaka kujua kama mguu una mchango wake, maana huko juu unyayo haubebi kitu. Kwa hiyo Tamayo alivaa viatu maalumu vilivyoweza kukazwa, vikibana upinde wa unyayo kana kwamba amesimama ardhini. Alivivaa saa sita kila siku. Mtoto aliyekuwa akiinamia viatu vya wengine mitaani Guantánamo alikuwa amevaa viatu vilivyotengenezwa kwa ajili ya mguu wake mwenyewe, na madaktari wakisubiri kusikia vinamkaa vipi.

Waliizunguka dunia mara 124, kila mzunguko dakika tisini hivi. Tarehe 26 Septemba, baada ya siku 7, saa 20 na dakika 43, Romanenko na Tamayo walitua Kazakhstan, karibu kabisa na pale palipokusudiwa.

Mwaka uleule, bahari ileile

Tamayo alirudi Cuba akawa mtu wa kwanza kupewa nishani ya Shujaa wa Jamhuri ya Cuba, juu ya ile ya Shujaa wa Umoja wa Kisovieti. Baadaye alipanda cheo hadi brigedia jenerali, akawa mbunge, na akasimamia shughuli za kuwafundisha vijana uzalendo.

Lakini hadithi ya yatima na nyota ina jambo ambalo haipendi kulitaja. Mwaka huohuo wa 1980, kuanzia Aprili hadi Oktoba, Wacuba wapatao 125,000 waliondoka nchini kwa boti kupitia bandari ya Mariel wakielekea Florida. Tofauti na wimbi la kwanza la wakimbizi, ambalo lilikuwa la weupe wenye mali, safari hii weusi na maskini walikuwa wengi zaidi. Serikali iliwaita takataka. Siku Tamayo anapaa kutoka Baikonur, boti zilikuwa bado zinavuka.

Mambo hayo mawili ni ya kweli kwa wakati mmoja. Mapinduzi yalimchukua mpiga kiwi yakampa mbawa, na mapinduzi hayohayo yalikuwa yamewafikisha maelfu ya watu wa rangi yake mahali pa kuona ni afadhali kuhatarisha maisha baharini. Anayesimulia la kwanza tu anapiga propaganda, na anayesimulia la pili tu anafanya vilevile kwa bendera nyingine. Tamayo mwenyewe hakuwahi kuonekana akitikisika. Alibaki mtiifu kwa serikali iliyomlea. Mtu anaweza kumlaumu kwa hilo. Mimi nikikumbuka alikotoka, naona ni vigumu kushangaa.

Na Marekani, iliyopenda kuinyooshea Cuba kidole, ilikuwa na aibu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 rubani mweusi wa jeshi la anga, Ed Dwight, alipitia mafunzo ya wanaanga wa baadaye, picha zake zikapamba magazeti, lakini NASA haikumchagua. Akaacha jeshi mwaka 1966, akawa mchongaji sanamu. Juni 1967 Robert Lawrence, rubani mweusi mwenye shahada ya uzamivu katika kemia, alichaguliwa kwa mpango wa kijeshi wa kituo cha anga. Desemba mwaka huo alikufa kwenye ajali ya ndege ya mafunzo, akiwa amekaa kiti cha nyuma akimfundisha mwenzake. Mpango wenyewe ulifutwa mwaka 1969. Ndiyo maana ilibidi kungoja hadi Bluford. Dwight alikuja kufika ukingoni mwa anga Mei 2024, kwa safari ya dakika chache ya kampuni binafsi, akiwa na miaka 90.

Kwa hiyo ukiniuliza nani alishinda mbio hizi, nitakuambia swali limekaa vibaya. Marekani ilikuwa na weusi wenye uwezo miaka ishirini kabla, ikawaacha. Wasovieti hawakuwa na historia ya mashamba ya miwa, wakampeleka wa rafiki yao na kujisifu. Katikati ya majigambo ya hao wakubwa wawili, Tamayo akabaki kama jibu la chemsha bongo, au hata hilo asiwe.

Ndiyo maana nasema tumsome upya, na tumsome kwa ukamilifu. Tusitosheke na ule mstari mmoja wa mtu mweusi wa kwanza angani, kisha tukafunga ukurasa. Tumsome mtoto wa 1942 mwenye mji wenye makaburi ya 1912, fundi aliyetaka kuwa rubani, kijana wa miaka 20 kwenye anga ya Oktoba 1962, mwanajeshi wa Vietnam, mgeni wa Salyut, jenerali mtiifu. Maisha hayo yanatosha riwaya, na wahusika wake wadogo wangekuwa watu tusiojua majina yao: Wamakua waliopandishwa merikebu pwani ya Msumbiji bila kujua sukari ni nini.

Mwandishi gani wa Kiswahili angeiweza riwaya hiyo, kwa maoni yenu? Mimi ninaye mmoja kichwani, ila nianze kwa kuwasikiliza ninyi.